Vigae vya Mkwe

Ukuta wa jikoni kwa Mzee Reginald, pale Kijenge, ulikuwa umepinda, na hilo halikuwa na mjadala. Hata asiyeona angelijua kwa kiganja. Mstari wa vigae ulianza vizuri dirishani, ukaenda kwa adabu zake mpaka juu ya sinki, halafu ghafla ukaanza kupanda na kushuka kama njia za milimani Nkoaranga, na ulipofika karibu na friji ulikuwa umezama upana wa kidole. Mjadala ulikuwa mwingine kabisa. Je, kupinda kwa namna ile ni kwa kuvumilika, kwamba kazi ni kazi na binadamu si mashine? Au ni kwa kiasi cha kumnyima mtu mke?

Maana aliyebandika vigae vile hakuwa fundi wa kuokotwa barabarani. Alikuwa Loishiye, kijana wa wafugaji wa Oldonyo Sambu anayefanya ufundi wa vigae mjini, na alibandika bure, kwa sababu alitaka kumwoa Ndeshi, binti pekee wa nyumba ile. Washenga wake walikuwa wanakuja Jumamosi. Na Reginald alikuwa ameshatangaza, mbele ya mke wake na mbele ya bakuli la mtori, kwamba ukuta huo ndio mtihani wa mkwe, na mkwe akifeli, washenga watakunywa soda zao na kurudi walikotoka.

Sasa mjue Reginald ni mtu wa namna gani. Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa ubora wa kahawa, kazi ya kutafuta punje mbovu katikati ya punje nzuri. Mtu akishafanya kazi hiyo nusu ya maisha yake, haachi eti kwa sababu ameagwa kwa keki na saa ya ukutani. Alikagua wali mezani. Alikagua mahubiri, na mchungaji alishazoea kumkwepa mlangoni baada ya ibada. Alijaribu hata kumkagua mke wake, Aikande, lakini huyo alimkomesha mapema, mwaka ule ule wa harusi.

Kwa hiyo alikuwa ameingia jikoni na pimamaji aliyoiazima kwa jirani, akawa anaiweka juu ya kila mstari, anainama, anafumba jicho moja, anaguna. Alipochoka kuguna akatoa sarafu mfukoni, akaanza kugonga kigae kimoja kimoja na kutega sikio asikie kama ndani kuna uwazi. Hakukuwa na uwazi. Vilishika barabara. Hilo nalo lilimkera, kwa sababu kazi mbovu inayoshika vizuri inamchanganya mkaguzi.

Alimwambia mkewe kwamba linalomsumbua ni ule upande wa sinki. Pale palikuwa safi, pamenyooka, pembe imekaa juu ya pembe. Mtu anayeweza vile, kwa nini aharibu huku kwingine?

"Kwa sababu huku kwingine nilikuwepo mimi," Aikande akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Alikuwa anasema kweli tupu, na ndiyo maana ilimuuma mwenyewe.

Kijana alipoanza kazi, Aikande alikuwa Machame kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake. Alirudi akakuta kuanzia dirishani mpaka kwenye sinki kumekwisha, kunang'aa, akafurahi kimoyomoyo na kusema Ndeshi amepata mtu. Akajifunga kanga, akavuta kiti, akakaa kwenye kona yake ya siku zote, karibu na friji, ili amsindikize mkwe mtarajiwa kwa maongezi. Alikolelewa yeye, mgeni anayekufanyia kazi humwachi peke yake kama mbwa wa kulinda shamba. Unakaa naye. Unamuuliza mvua, unamuuliza wazee, unamchemshia chai.

Loishiye alimwamkia huku anaangalia sakafu, akageukia ukuta, na hakugeuka tena. Aikande alimuuliza habari za nyumbani, akaujibu ukuta. Alimuuliza ng'ombe wa kwao ni wangapi, kijana akaangusha mwiko wa kupakia saruji. Chai aliyowekewa aliiacha mpaka ikaota ngozi. Mchana Aikande akapika machalari, ndizi laini na nyama ya mafuta, akamjazia sahani. Kijana akaipokea kwa mikono miwili, uso pembeni, akatoka nayo ubavuubavu huku mgongo unasugua mlango, akaenda kula nyuma ya tanki la maji. Nyuma ya tanki, jamani. Chakula cha Aikande, ambacho askofu alikula akaomba kingine.

Kesho yake alidhani labda kijana ana aibu, au hasikii vizuri, kwa hiyo akakivuta kiti mbele kidogo. Siku ya tatu akakivuta tena. Kila alivyosogea ndivyo ukuta ulivyozidi kwenda mrama.

Tusifanye mzaha hapa: mama wa watu aliumia. Katika nyumba ile jikoni ndiko neno lake lilikopaswa kuwa la mwisho, na ukuta ule ulikuwa mweusi kwa moshi kwa muda mrefu, anaona haya akina mama wa jumuiya wakija kumsaidia kupika. Sasa umepata vigae, na vigae vimebandikwa na mtu anayempa mgongo jikoni kwake mwenyewe. Na hawezi hata kugomba. Fundi ukimlipa unagomba naye mpaka majirani wanatoka nje. Akikufanyia bure unasema asante, na asante hiyo ilimkwama Aikande kooni kila alipopitisha kitambaa kikanasa kwenye pembe ya kigae iliyochomoza.

Alimwambia mumewe kwamba yule kijana hamtaki. Anamtaka Ndeshi, lakini mama yake hamtaki, na ukuta umetoa siri yake.

Reginald, kwa sababu ni mkaguzi, hakutaka kuhukumu bila mtaalamu. Alikwenda mjini kwa Firoz, aliyewauzia vigae, mwenye duka la vifaa vya ujenzi alilorithi kwa baba yake, akamwomba aje aone kama kosa ni la kigae au la mkono.

Firoz alikuja, na tangu mlangoni alijua ameingia mtegoni. Akisema vigae havilingani, ametukana duka lake. Akisema fundi ameharibu, anampoteza Loishiye, ambaye kila wiki humletea wateja. Akasifu chai. Akasifu iliki iliyomo kwenye chai. Akauliza habari za Ndeshi, akaambiwa bado ni muuguzi kule hospitali ya Nkoaranga na huja mwisho wa wiki, akasema uuguzi ni wito. Hatimaye chai ikaisha na hakukuwa na kitu kingine cha kusifu, ikabidi aangalie ukuta.

Alichukua vigae viwili vilivyobaki kwenye boksi, akavilinganisha mgongo kwa mgongo. Vilikuwa sawasawa. Reginald akatabasamu, akiona mkono wa fundi umeshapatikana na hatia. Lakini Firoz hakuwa amefanya biashara maisha yake yote kwa kukubali kushindwa mapema hivyo. Alichukua ile pimamaji, akaiacha ile sehemu yenye vigae, akaisimamisha kwenye ukuta mtupu karibu na mlango. Tone la hewa likakimbilia pembeni likabaki huko.

"Mzee," akauliza taratibu, "huu ukuta wenyewe nani alijenga?"

Nyumba ile aliijenga Reginald kwa akiba yake, akiwasimamia mafundi asubuhi na jioni, na hapajawahi kutokea mgeni asiyesimuliwa. Alijibu kwamba ulijengwa kwa viwango vya wakati ule. Firoz akasema basi na vigae vimefuata viwango vya wakati ule, akaaga haraka, na gari lake likasikika likiondoka hata kabla Aikande hajapata karatasi ya kumfungia ndizi.

Alipobaki peke yake, Reginald aliichukua pimamaji akaenda nayo sebuleni. Kisha chumbani. Kisha korido. Kila alipoiweka alisimama kidogo, akaiondoa bila kuguna. Mchana huo huo aliirudisha kwa jirani, na tangu hapo hakutaka kusikia jina la chombo hicho. Ila msimamo wake haukulegea, bali ulikaza. Alimwambia mkewe kwamba ukuta kuinama ni jambo moja, mstari kuzama ni jambo lingine, na kwamba mtu akianza kwa bidii halafu akalegea katikati, hata ndoa ataifanya hivyo hivyo.

Ndeshi alifika Ijumaa jioni, amechoka, ananuka dawa za hospitali, na akakuta wazazi wake wameshakubaliana. Hilo peke yake lilimtisha, maana hao wawili hawakubaliani hata kuhusu chumvi.

Walimwonyesha ukuta. Aliuangalia muda mrefu, akashindwa kuutetea. Alikuwa ameona kazi za Loishiye kwenye nyumba za watu, mabafu ambayo ukilegeza jicho huoni pa kigae kimoja kuishia na kingine kuanza. Hiki alichokiona hapa hakukielewa. Alijaribu kusema labda mwanga ulikuwa mdogo. Baba yake akamuuliza kama mwanga ulipungua kuanzia kwenye sinki.

Basi akatoa simu, akampigia mwenyewe, akaweka sauti wazi mbele ya wazazi wote wawili ili mambo yaishe.

"Loishiye, huu ukuta wa nyumbani umekuwaje?"

"Ni mbaya. Naujua. Nitaubomoa niubandike upya, vigae nitanunua mimi."

"Sijakuuliza hilo. Nakuuliza umekuwaje ukaharibika, wakati wewe si mtu wa kuharibu. Mama anasema unamdharau."

"Mama yupo hapo?"

"Yupo, anakusikia."

Simu ikakatika.

Aikande akafungua mikono yake kama mtu aliyemaliza ushahidi, akaondoka kwenda kuangalia maharage. Ndeshi alitoka uani akapiga tena, na alichoambulia ni kwamba kuna mambo mtu hayasemi juu ya mama wa mtu, na kwamba kesho baba yake mkubwa atakuja kuongea. Alisihi, akakemea, hata akamtishia, na kijana akarudia lile lile kwa sauti ya mtu anayezama.

Aliporudi ndani, macho mekundu, hakupiga kelele. Aliwaambia wazazi wake kwamba kwa umri wake angeweza kuondoka tu, na wenzake wengi wameondoka hivyo hivyo, lakini yeye alitaka mtu wake aingie kwa mlango wa mbele. "Mkimrudisha kesho," akasema, "mimi sitaleta mwingine. Mtabaki na mimi hapa na ukuta wenu." Kisha akaenda kulala bila kula. Reginald alisonya, lakini hakulala vizuri, na Aikande hakulala kabisa.

Jumamosi washenga walikuja wawili. Mzee Meitamei, baba mkubwa wa Loishiye, alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, mnene, mwenye sauti ya mnadani, amevaa koti la suti juu ya shuka yake nyekundu. Mwenzake, Yiamat, alikuwa mwembamba na kazi yake kubwa ilikuwa kuitikia. Loishiye mwenyewe alikuja nao ila hakuingia. Alibaki uani karibu na dirisha la jikoni, amesimama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Meitamei alikuwa ameandaa maneno mazuri ya kufungulia, yenye mvua na malisho ndani yake. Hakupewa nafasi. Hata soda zilikuwa hazijafunguliwa Reginald alipoinuka na kusema kabla ya yote wanaombwa wafike jikoni.

Wageni wakatazamana. Katika posa zote alizowahi kusimamia, Meitamei hajawahi kupelekwa jikoni. Alifikiri haraka, kama anavyofikiri mnadani, akapata maana yake: hawa watu wanatuonyesha mali ili mahari ipande. Akamkonyeza Yiamat, na wakaingia wamejiandaa kutoshangaa kitu chochote.

"Mnauonaje huu ukuta?" Reginald akauliza.

"Wa kawaida," akasema Meitamei.

"Kawaida. Hebu uangalie vizuri."

"Nimeuona. Siku hizi hata kwetu watu wanaweka. Si kitu cha ajabu."

"Wa kawaida tu," Yiamat akaitikia.

Reginald akawaambia ule ukuta ni mbovu. Meitamei alisita. Hajawahi kuona muuzaji anayeponda mbuzi wake mwenyewe, akajua hapa kuna ujanja mkubwa zaidi ya alivyodhani, kwa hiyo akarudi nyuma kidogo, akasema si mbovu sana, unafaa kwa matumizi ya nyumbani. Reginald akasema haufai hata kidogo, ni aibu. Meitamei, jasho linaanza kumtoka, akasema ukiuangalia kutokea mlangoni una uzuri wake. Hapo Reginald akamtolea uvivu.

"Aliyeubandika ni kijana wenu."

"Ukuta mzuri sana," Meitamei akasema papo hapo.

"Mzuri sana," akasema Yiamat.

Ndeshi, aliyekuwa amesimama korido ameshika sinia la soda, alitamani ardhi ipasuke. Baba yake alishaanza kuwaonyesha wageni pembe moja baada ya nyingine, hapa pamechomoza, hapa pamezama, hapa nafasi imetanuka inaingia kucha, na wale wazee wanatikisa vichwa kwa heshima na kukanusha kile wanachokiona kwa macho yao. Ingeendelea hivyo mpaka jioni, kama Aikande asingeweka sufuria chini.

Alisema yeye hajali vigae. Vigae vingebomolewa vikawekwa vingine. Kinachomchoma ni dharau. Akaimwaga yote mbele yao, bila kupandisha sauti, na kila neno lilionekana limehesabiwa usiku kucha. Kwamba alimkaribisha kijana kama mwanawe. Kwamba alikaa naye kwenye kona ile pale siku zote alizofanya kazi, asimwache mpweke, na kijana hakumtazama hata mara moja. Akampikia, sahani ikapelekwa nyuma ya tanki. Akamuuliza ng'ombe wa kwao ni wangapi, hakupata jibu.

Meitamei alifumba macho kwa lile la ng'ombe, maana kwao ng'ombe hawahesabiwi mbele ya mgeni. Kisha akayafumbua taratibu.

"Mama, ulikaa wapi umesema?"

"Hapo, penye friji."

"Humu ndani? Na yeye akiwa humu humu?"

"Nimwache peke yake nina roho gani?"

Meitamei alitafuta mahali pa kukaa, akakuta ndoo, akakaa juu yake na koti lake la suti. Alimtazama Yiamat, na Yiamat, kwa mara ya kwanza siku ile, hakuwa na la kuitikia. Sauti ya mnadani ilikuwa imeondoka kabisa mzee alipoanza kueleza. Alisema kwao mwanaume na mama wa mchumba wake hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mwanaume anapisha. Hamtazami usoni, hali mbele yake, hamsogelei. Si kwamba anamchukia. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote walizo nazo, na mtoto hufundishwa mapema akaishika mpaka mwisho wa maisha yake.

"Na wewe ulimkalia mgongoni siku zote hizo," akasema. "Nashangaa hakuruka dirishani."

Hakuna aliyecheka. Reginald peke yake ndiye aliyekuwa bado na swali, kwa sababu heshima ni heshima, lakini mstari ni mstari. Alikwenda dirishani, akamwita kijana kutoka uani. Loishiye akasogea, akasimama nje ya nondo, macho chini kwa kuwa Aikande alikuwa ndani.

Reginald alimuuliza kwa nini hakuvuta uzi wa kumwongoza.

"Uzi ulitakiwa kufungwa kwenye msumari wa kona ya friji, baba. Mama alikuwa amekaa pale."

"Na macho je? Fundi si anarudi nyuma anatazama?"

Ni kweli, na kila mwenye nyumba ameliona hilo. Fundi wa vigae anabandika, anarudi nyuma hatua kadhaa, anatazama, anasogea tena. Asiporudi nyuma ni kama mtu anayesoma gazeti likiwa limemgusa pua.

"Nikirudi nyuma nilikuwa namfikia mama," Loishiye akasema. "Na kila siku alikuwa karibu zaidi."

"Sasa si ungemwomba atoke tu? Neno moja."

Kijana alishika nondo kwa mikono miwili, kana kwamba ameambiwa jambo la kutisha kidogo.

"Nimtoe mama jikoni kwake?"

Aikande alisikia, akakaa. Alishaondolewa jikoni kwake mara nyingi. Alitolewa na fundi wa bomba kwa kidole. Alitolewa na wapaka rangi, na wifi zake kila Krismasi, na Reginald mwenyewe kila anapopata wazimu wa kuonyesha namna ya kukaanga nyama. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza kama ni haki. Na kijana huyu, ambaye mkono wake ndio ugali wake, alikubali aharibu kazi, akaguliwe na mwenye duka, apoteze mke, kuliko kumwambia mama mtu mzima asogee. Alijifunika uso kwa kanga, akalia, na hakuona haya.

Meitamei, akidhani ameharibu posa, alianza kuahidi mambo. Alisema kuna zawadi ya mama ambayo ikifika hulegeza huo mwiko, kwamba kijana ataweza walau kumsalimia kwa karibu, kwamba itakuja haraka sana. Ndeshi aliingia na sinia lake, akampigia mama yake magoti, na wote wawili wakalia pamoja.

"Lakini kiufundi," Reginald akasema, "ukuta bado umefeli."

Mke wake alimtazama tu juu ya kanga.

"Ila unaweza kurudia mtihani," akaongeza haraka, na wazee wakapelekwa sebuleni kufunguliwa soda.

Loishiye alirudi baada ya zawadi ya mama kufika, akabomoa kuanzia sinki mpaka kwenye friji, na hakuna aliyeweza kumzuia asinunue vigae mwenyewe. Firoz alimpa kwa bei ya undugu na kumsihi asitaje tena ukuta wa nyumba ile mbele yake. Aikande aliondoka jikoni kwa hiari yake. Dada yake alimwita Machame akapumzike huko, akakataa, akasema hawezi kwenda mbali na masufuria yake. Alihamishia jiko la mkaa uani, akakaa chini ya dirisha kwa nje, mahali ambapo kijana hamwoni naye anasikia kila kitu, akapika huko huko. Sahani ya kijana aliiweka juu ya tofali karibu na mlango na kuondoka. Ilirudi imefutwa mpaka mchuzi.

Kwa kuwa kona ya friji ilibaki wazi, aliyeichukua alikuwa Reginald. Alikaa pale na kandambili zake miguuni, mikono imekunjwa kifuani, mkaguzi kamili, na akaanza kutoa maoni. Kigae hicho mbona kama kimelala. Saruji hiyo mbona kama nyepesi. Loishiye aliitikia kila neno kwa adabu, akapigilia msumari, akavuta uzi kutoka kona hadi kona, akabandika, kisha, kama afanyavyo kila fundi duniani mwenye nafasi, akarudi nyuma kutazama. Kwa mama wa mchumba mwiko wanaujua wote. Kwa baba wa mchumba, kumbe, hakuna mwiko wa hivyo, na buti la kijana lilitua barabara juu ya vidole vya Reginald.

Aikande alisikia mlio. Akasikia samahani nyingi mfululizo, na mumewe akisema angalia nyuma wewe. Kazi ikaendelea. Baada ya muda mlio ukasikika tena, safari hii mrefu zaidi, na kiti kikaanguka.

Akainuka, akasogea dirishani, akahakikisha uso wake hauonekani kwa ndani.

"Baba Ndeshi," akasema, "toka hapo jikoni. Mkwe wangu anafanya kazi."

Reginald akatoka, anachechemea. Ndani, kijana alikuwa amesimama ameduwaa na mwiko mkononi, kwa sababu lile neno la mkwe wangu lilikuwa halijawahi kutamkwa katika nyumba ile. Kisha akarudi nyuma, polepole, mpaka mgongo wake ukagusa friji, akautazama ukuta kwa raha zake.